Siku Mbili za Kuaga Southsea

Mgeni anapofika kwa ndugu zake ng'ambo, siku za mwanzo ni za mji. Wenyeji wanamtembeza, anaoneshwa mnara, anaingizwa makumbusho, anapigwa picha mbele ya meli kongwe. Siku za mwisho zinapaswa kuwa za wenyeji wenyewe. Nasema hivi kwa sababu nimewaona jamaa wengi waliosafiri kutoka Tanzania kwenda kuwaona watoto na ndugu zao Uingereza, Jumamosi ya mwisho ikawaishia madukani na Jumapili ikawaishia juu ya sanduku lisilofunga. Wakapanda ndege bila kujua dada yao hulala saa ngapi, watoto wake wanacheza na nani, wala jirani wa ukuta wa pili ni mtu wa namna gani. Na nyumbani wataulizwa hayo hasa. Hakuna mama wa Ngamiani, kwetu Tanga, atakayeuliza urefu wa mnara.

Dada yangu anaishi Southsea, upande wa kusini wa jiji la Portsmouth. Portsmouth yenyewe, kwa sehemu kubwa, imekaa juu ya kisiwa kiitwacho Portsea. Ni kisiwa tambarare kilichokaribiana mno na bara, kiasi kwamba mtu anayeingia kwa basi anaweza asitambue kwamba amevuka maji. Sensa ya 2021 ilihesabu jijini humo watu wapatao 208,000, na nyumba zao zimebanana. Mitaa ni mirefu, nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta kutoka kona hadi kona, kila moja na mlango wake wa rangi na ua mdogo nyuma wa kuanikia nguo. Southsea ni upande wa mapumziko. Wenyeji wake wanauita mji, wana barabara zao za maduka na ufukwe wao, na mtu akikuambia anakwenda Portsmouth wakati tayari yumo ndani ya Portsmouth, usishangae.

Wakati wa mji tulikuwa tumeumaliza. Tulishaiona HMS Victory, meli iliyoshushwa majini mwaka 1765 na ambayo juu yake Nelson alipigwa risasi kwenye vita vya Trafalgar, Oktoba 1805. Tulishasimama mbele ya mbao nyeusi za Mary Rose, meli ya Mfalme Henry VIII iliyozama hapo mbele mwaka 1545, mfalme mwenyewe akitazama kutoka ufukweni, na ambayo wapiga mbizi na wahandisi waliitoa chini ya maji Oktoba 1982. Tulishapanda Spinnaker, mnara wa mita 170 wenye umbo la tanga lililojaa upepo. Yote hayo yanafaa kuonwa. Lakini usiku wa Ijumaa, dada alipokuwa anavaa sare kwenda zamu yake ya usiku hospitalini, aliniuliza, "Kaka, kesho na kesho kutwa unataka twende wapi?" Nikamwambia sitaki kwenda popote. Akanitazama kidogo, kisha akacheka kwa raha. "Basi nitalala mpaka adhuhuri," akasema.

Manunuzi tulikuwa tumeyamaliza siku hiyo ya Ijumaa, na huo ni ushauri ninaompa kila anayekwenda. Sheria ya Uingereza na Wales ya mwaka 1994 inayaruhusu maduka makubwa, yale yanayozidi mita za mraba 280, yafunguliwe Jumapili kwa saa sita tu, kati ya saa nne asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Maduka madogo hayabanwi. Wengi wetu tumezoea soko lisilojua Jumapili, kwa hiyo mgeni huacha viatu vya shangazi na manukato ya wifi hadi siku ya mwisho, na familia nzima inaishia kukimbia kwenye foleni moja na watu wa mji mzima. Sheria hiyo ina upande wake mzuri. Inaulazimisha mji upumzike, na mji ukipumzika ndipo unapowaona watu wake.

Jumamosi asubuhi dada alirudi saa mbili kasorobo. Alivua viatu mlangoni, akanywa uji wa ulezi uliokuwa umebaki kwenye chupa, akauliza kama watoto wamekula, akapanda juu kulala. Nilikuwa nimekaa nyumba ile muda wa kutosha kuijua ratiba hiyo kwa kusikia. Asubuhi ile niliitazama kwa macho ya mtu atakayeulizwa. Mtu anayewauguza wagonjwa usiku kucha halafu anaulizia uji wa watoto wake kabla ya kulala anachoka uchovu ambao kwenye simu hausikiki. Kwenye simu husema, "Tuko salama, mama, ni kazi tu." Kwa mama neno hilo moja ndilo kila kitu anachoelezwa. Nikawachukua wapwa zangu wawili tukatoka, nyumba ipate ukimya.

Ukishuka mitaa ya Southsea kuelekea kusini, nyumba zinakoma ghafla na mbele yako unatandaa uwanja mpana wa majani hadi baharini. Wanauita Southsea Common. Kwenye mji uliobanana hivi, watu wa kwanza wa kushukuriwa kwa uwazi huo ni wanajeshi. Ngome ya Southsea ilijengwa mwaka 1544 kulinda mlango wa bandari, na jeshi halikutaka nyumba wala miti mbele ya mizinga yake, ili adui akishuka pwani aonekane. Uwanja ukabaki mtupu kwa karne nyingi kwa sababu ya vita. Mwaka 1884 manispaa iliukodi kutoka kwa jeshi, na miaka ya 1920 ikaununua kabisa. Leo mahali palipotengwa kwa ajili ya risasi ni mahali pa vishada, mpira, mikeka ya chakula, na wazee wanaotembeza mbwa. Nilimweleza mpwa wangu mkubwa habari hiyo. Akasema, "Mjomba, kumbe ndiyo maana hakuna miti katikati." Amezaliwa hapo, anaukata uwanja huo kila siku akienda shule, na hakuna aliyewahi kumwambia. Nikafurahi kwamba mgeni naye anaweza kumwachia mwenyeji kitu cha mji wake.

Ufukwe wa Southsea hauna mchanga mwingi. Ni kokoto, za kahawia na kijivu, zinazochoma nyayo na kupiga kelele kila wimbi linaporudi. Watoto wanatembea juu yake pekupeku bila kukunja uso. Mimi niliyekulia Raskazone, Tanga, nilitembea na viatu. Maji ya Juni hapo ni ya nyuzi 15 au 16 hivi, na wapwa zangu waliingia hadi kiunoni wakipiga mayowe, wakatoka midomo ikitetemeka, wakaingia tena. Kitu kimoja kilinifanya nijisikie nyumbani. Maji yale yanapwa na kujaa sana. Wakati wa bamvua tofauti ya kina kati ya maji kupwa na maji kujaa hukaribia mita nne, kama ilivyo Tanga, na kwenye kupwa kwake ukuta wa ngome huachwa na ukanda wa mwani wenye harufu ile ile ninayoijua. Mtu aliyelelewa na bahari ya namna hiyo hatazami saa peke yake. Dada yangu anajua saa za maji kujaa Southsea kama mama anavyozijua za Tanga, na aliniambia siku moja kwamba ndilo jambo la kwanza alilojifunza alipohamia.

Mbele ya ufukwe ni Solent, mkondo unaoitenga pwani hiyo na kisiwa cha Wight. Hautulii. Zinapita meli za kivita za kijivu zikiingia gatini, meli za makontena zikielekea Southampton, feri za kwenda Ufaransa, na mashua za matanga zisizo na haraka. Kila baada ya muda kunasikika mngurumo, na chombo kinapanda kutoka majini hadi kwenye kokoto, kikitoka baharini kwa nguvu ya upepo kinaoupuliza chini yake. Hiyo ni hovakrafti ya kwenda Ryde, safari ya dakika kumi hivi, na kwa miaka mingi usafiri wa abiria wa namna hiyo unaoendeshwa kwa ratiba mwaka mzima haukusikika penginepo duniani. Mpwa mdogo huisimamia kila mara kama hajawahi kuiona. Tulisimama naye mpaka zikapita tatu.

Kutoka pale tulikwenda Canoe Lake, ziwa dogo la maji ya chumvi nyuma ya ufukwe, lililotengenezwa mwaka 1886. Watoto wa mji huo wana mchezo wao pale. Wanalala kifudifudi ukingoni, wanashusha uzi wenye kipande cha nyama au samaki, na kaa wadogo wanaudaka. Wanawatia kwenye ndoo ya maji, wanawahesabu, wanabishana ni yupi mkubwa, kisha wanawarudisha wote majini. Wapwa zangu walikuwa na uzi wao mfukoni na mapande ya samaki kwenye mfuko wa plastiki. Mpwa mdogo alinionesha namna ya kumvuta kaa polepole asiachie, akanisahihisha mara mbili, na mtoto wa Kiingereza aliyekuwa kando yake akamwita kwa jina na kumwomba kipande. Wanasoma darasa moja. Nililiweka hilo moyoni pamoja na uji wa asubuhi. Mama huulizia sana kama watoto wana wenzao.

Tuliporudi, dada alikuwa ameamka na jikoni kumekwisha kuchangamka. Shemeji, mzaliwa wa Unguja anayeendesha basi la mjini, alikuwa amekaa mezani anamenya vitunguu saumu. Pilau ya nyumba ile ni ya pande mbili: mchele na nyama vya Portsmouth, bizari nzima, mdalasini na karafuu kutoka kwenye makopo niliyotumwa na mama. Tui hutoka kwenye kopo. Mihogo na kisamvu vinapatikana vikiwa vimegandishwa, katika maduka ya Waasia na Waafrika, na ndizi mbichi haziadimiki. Nilikata kachumbari. Nilifanya kazi hiyo kwa sababu niliikataa hadhi ya mgeni siku zile mbili. Mgeni anayekaa sebuleni anasimuliwa mambo yaliyopangwa, na anayekata kachumbari anasikia mambo yanavyokuja. Nikiwa nimeinamia nyanya, dada alinieleza kwa mara ya kwanza jinsi alivyopata mtoto wa pili bila mama wala shangazi karibu, siku arubaini zake akizipita na mume aliyepewa likizo fupi, na mwanamke wa nyumba ya jirani ambaye alikuwa akibisha mlango kila jioni kuchukua nguo chafu za mtoto, kuzifua kwake na kuzirudisha zimepigwa pasi. Aliyasema bila kuacha kukoroga sufuria.

"Mbona hukutuambia?" nikamuuliza.

"Ningewaambia mngefanya nini, kaka? Mama angelia tu."

Sikumbishia. Nadhani ndugu wengi waliokaa mbali wana fungu la habari wanalolizuia kwa huruma, na halitoki kwenye simu hata mkizungumza kila wiki. Linatoka jikoni, mtu akiwa hatazamwi usoni, na linahitaji muda usio na ratiba. Ndiyo sababu naitetea wikendi ya mwisho kwa nguvu kiasi hiki. Ukiwa umebakiwa na majuma mengi, mwenyeji bado anakuwekea sura njema. Ukiwa umebakiwa na siku mbili, anajua asipolisema sasa hatakuwa na mtu wa kumwambia.

Jua la Juni huko halina haraka ya kuzama. Mwishoni mwa mwezi huo linazama baada ya saa tatu na dakika ishirini usiku, na hata likizama, giza kamili haliji. Mbingu ya kaskazini hubaki na mwanga hafifu usiku kucha. Kwa Waislamu wa mji huo ni suala la kila mwaka, kwa sababu alama ya mbinguni inayotumika kujua wakati wa Ishaa haitimii, na misikiti hulazimika kuafikiana juu ya hesabu ya kufuata. Shemeji huswali Magharibi wakati ambapo Unguja watu wanakaribia saa sita za usiku. Katika nafasi hiyo ndefu kati ya chakula na Magharibi, Jumamosi ile, familia nzima ilishuka tena ufukweni, na shemeji akaanza kuzungumza habari za Sayyid Jamshid.

Msomaji wa pwani atakuwa amekwisha kulisubiri jina hilo, kwa sababu huwezi kuandika habari za Southsea kwa Kiswahili ukaliruka. Jamshid bin Abdullah alizaliwa Unguja mwaka 1929. Akakalia kiti cha usultani Julai 1963, alipofariki baba yake, Zanzibar ikapata uhuru tarehe 10 Desemba mwaka huo, na Mapinduzi yakaja tarehe 12 Januari 1964. Alitoka kwa meli yake, Seyyid Khalifa. Mombasa hakuruhusiwa kushuka, akapokelewa Dar es Salaam, na kutoka hapo akasafirishwa kwa ndege hadi Uingereza. Akaja kukaa Southsea, kwenye nyumba ya kawaida katika mtaa wa kawaida, na akakaa hapo zaidi ya miaka 50. Oman ilikuwa imewaruhusu baadhi ya jamaa zake kurejea, lakini yeye aliruhusiwa mwaka 2020 tu, akiwa karibu kutimiza miaka 91. Alifariki Muscat tarehe 30 Desemba 2024.

Haki na dhuluma za usultani na za Mapinduzi zina vitabu vyake, na kila nyumba ya Unguja ina simulizi yake. Ya shemeji nayo si nyepesi, maana upande wa mama yake na upande wa baba yake waliiona Januari ile kwa macho mawili tofauti. Jioni ile hakutaka kugusa huko. Alikuwa akiwaza juu ya namna mtu huyo alivyoondoka. "Hakumuaga mtu," alisema. "Asubuhi moja tu, meli, basi. Halafu miaka yote hiyo anaitazama bahari hii." Akatupa kokoto majini. Nami tangu hapo nimekuwa nikilifikiria jambo hilo, kwamba kuaga kwa taratibu, kwa siku mbili za uvivu na pilau, ni neema ambayo watu wengi wa kanda yetu walihamia Ulaya bila kuipata: waliokimbia Unguja 1964, Wahindi waliofukuzwa Uganda 1972, Wakongo na Warundi waliotoka usiku. Wengi wao hawakuwahi kuzunguka nyumba zao mara ya mwisho wakijua kwamba ni ya mwisho.

Uhusiano wa mji ule na Zanzibar ulianza zamani kuliko 1964. Sayyid Said bin Sultan, aliyeuhamishia utawala wake Unguja, alimpa Mfalme William IV wa Uingereza meli ya kivita ya mizinga 74 iliyoitwa Liverpool, iliyoundwa Bombay. Waingereza wakaibadili jina ikawa Imaum, kwa heshima yake. Wakamlipa kwa zawadi ya jahazi la kifalme, Prince Regent, na jahazi hilo lilikuwa limeundwa katika karakana za Portsmouth mwaka 1820. Kwa hiyo kabla ya sultani wa mwisho kuja kuishi karibu na gati zile, chombo kilichotoka kwenye gati hizo kilikwisha kwenda kwa babu wa ukoo wake. Nilimweleza shemeji, naye hakuwa akilijua hilo. Alinyamaza, kisha akamwita mpwa mkubwa na kumwambia alirudie kwa sauti ili asilisahau.

Jumapili ilianza polepole. Ukimtoa shemeji, hakuna aliyeshuka chini kabla ya saa tatu. Yeye alipika maandazi, kazi aliyojitwalia miaka mingi kwa sababu mke wake huwa kazini Jumapili nyingi, na alikuwa anayaumua tangu alfajiri. Saa nne tukampigia mama. Tanga ilikuwa saa sita mchana. Simu ikazunguka mezani. Wapwa zangu wanamwita bibi na wanamweleza mambo ya shule kwa Kiswahili chao kinachosita kidogo na kuendelea, naye anawangoja. Safari hii sikuingia kati kuwasaidia. Nilikuwa nimeona kwamba kila mtu mzima anapowamalizia sentensi, bibi anakuwa amezungumza na huyo mtu mzima, na watoto wanaondoka kwenye simu wamesikika nusu.

Saa tano jirani aligonga. Ni yule yule wa nguo za mtoto, mjane wa Kiingereza aliyepita miaka sabini, na alikuwa amebeba keki ya ndimu iliyofunikwa kwa kitambaa kwa sababu alisikia kaka mtu anaondoka. Mjini mle watu hawaingiliani ovyo. Hubisha, husimama mlangoni, husema hawatakaa. Alikaa saa nzima. Aliwahi kufanya kazi kwenye duka la dawa huko Fratton, mumewe alikuwa fundi wa karakana za jeshi la majini kama wanaume wengi wa kizazi chake pale, na wanawe wamehamia kaskazini. Aliniuliza mama yetu ana umri gani na kama bado anatembea vizuri. Nilipomwambia kwamba nimejua jana tu alivyomsaidia dada wakati wa uzazi, na kwamba nitamweleza mama, akashika mkono wa dada na kusema maneno machache ya kawaida ya watu wa kwao, kwamba haikuwa kitu. Ilikuwa kitu. Nilimwambia hivyo, kwa uwazi wote, kwa niaba ya mtu ambaye hawezi kuja kumwambia mwenyewe. Kabla hajatoka nilimpa khanga moja kati ya doti niliyokuwa nimeisafirisha kwa ajili ya mtu mwingine. Mtu huyo mwingine atanielewa.

Mchana ulikwenda na kazi za nyumba. Sare za shule zilipigwa pasi. Baiskeli ya mpwa mdogo ilitiwa upepo. Dada alilala tena kidogo kwenye kiti uani, miguu juu ya ndoo iliyopinduliwa, jua likimpiga usoni, na hakuna aliyemwamsha. Ukinitaka nieleze nilifanya nini saa zile, nilikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma nikisoma gazeti la siku iliyopita na kusikiliza redio ya jirani. Ni katika ukimya huo mpwa mkubwa alikuja kukaa kando yangu na kuniuliza kama ni kweli mama yake alipokuwa mdogo aliwahi kupotea kwenye maulidi akakutwa amelala ndani ya duka la Mpemba. Nikamweleza yote, pamoja na kipigo. Akacheka mpaka dada akaamka.

Jioni ndipo tulipoleta sanduku. Mashirika mengi ya ndege hupima kilo 23 kwa begi moja, na nyumba za watu wetu ng'ambo karibu zote zina ile mizani ndogo ya kuning'iniza, yenye ndoano na kioo cha namba. Shemeji aliinua, mpwa akasoma, dada akapunguza. Viatu vilibaki. Sabuni za kunukia zilitoka. Mtu akitaka kujua ndugu yake anawapenda akina nani nyumbani, na kwa mpangilio upi, asimamie zoezi hilo, kwa kuwa kila kilo inayotolewa ni ya jina fulani. Kitu ambacho dada alikataa kata kata kukitoa ni bahasha nene ya picha alizochapisha dukani, za kawaida kabisa, zilizopigwa na simu: watoto wakila, yeye akiwa na sare, ua wenye nguo, na jirani. Mama hataki picha za kwenye skrini. Anataka za kushika na kupitisha kwa wageni.

Basi la kwenda Heathrow huondokea The Hard, kando ya mlango wa bandari, na la kwangu lilikuwa la alfajiri ya Jumatatu. Kwa kuwa tulikuwa tumekwisha kuagana kwa siku mbili, kituoni hatukuwa na la kuhangaikia. Shemeji alinibebea sanduku. Dada alikuwa na zamu usiku huo, nikamwambia arudi akalale. Watoto walikuwa wamelala nyumbani. Niliwaaga usiku, kila mmoja peke yake kitandani kwake, jambo ambalo nalipendekeza zaidi kuliko kuwaburuta watoto stendi saa kumi na moja alfajiri waje kulia mbele ya dereva.

Mama alinipokea Tanga kwa chai na maswali. Aliuliza kama dada amekonda. Aliuliza nani anampikia anapotoka kazini usiku, nikamweleza uji wa kwenye chupa na maandazi ya shemeji. Aliuliza kama watoto wana wenzao wa kucheza nao, nikamweleza mtoto wa Canoe Lake aliyemwita mjukuu wake kwa jina. Habari ya nguo za uzazi nilikuwa nimemwomba dada ruhusa ya kuisema, naye akakubali. Mama hakulia kama tulivyohofia. Aliitafuta picha ya jirani kwenye bahasha, akaivutia dirishani, akaitazama kwa muda, akaniuliza jina lake, akalirudia mara kadhaa hadi likamkaa mdomoni. Kisha akasema tumtafutie kikapu cha ukindu kilichosukwa vizuri, chenye kifuniko, kipelekwe na mtu wa kwanza anayekwenda. Yupo jamaa wa Chumbageni anayesafiri mwezi ujao. Nimekwisha kumwomba nafasi ya kilo mbili.